Kwani wafanyakazi wa kontrakta hawakuona?

1/
Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikitoka, swali huwa ni lile lile hapa mtandaoni. Hospitali imelipiwa hadi senti ya mwisho na haina paa. Barabara imebebwa na mvua ya kwanza. Mtu anaandika: "Kwani wafanyakazi wa huyo kontrakta hawakuona? Mbona walinyamaza?" Swali linapata laiki elfu, kisha kila mtu anaendelea na siku yake.

Leo nataka kulijibu. Uzi ni mrefu, weka chai. Humu hakuna jina la mwanasiasa wala chama, kwa hivyo pande zote mnaweza kusoma bila kurushiana maneno.

2/
Waliona. Najua kwa sababu mmoja wao ni mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mtu wa stoo kwenye saiti ya zahanati iliyokuwa ikijengwa kwa pesa za umma. Siku moja lori likaleta simiti. Karatasi ya mzigo ilisema mifuko 600. Alihesabu mara mbili, akapata 410. Akaambiwa atie sahihi ya 600. Akakataa, na kesho yake akamweleza afisa wa serikali aliyekuja kukagua kazi. Ijumaa akalipwa siku zake, akaambiwa Jumatatu asirudi, kazi imepungua. Jumatatu yenyewe stoo ilikuwa na mtu mwingine.

3/
Nilipoanza kusoma sayansi ya siasa chuoni nilidhani hilo ni jambo rahisi: kuna sheria, tutaipata. Nikaanza kutafuta. Ndipo nikaona shida iko wapi.

Mjomba hakuwa mtumishi wa umma. Mwajiri wake ni kampuni binafsi. Lakini simiti ilikuwa ya umma. Sheria za watumishi wa serikali hazimjui kwa sababu hayuko kwenye daftari la serikali. Sheria za kazi za kawaida zinamjua kama kibarua aliyekosana na bosi wake, basi. Ameangukia katikati ya viti viwili.

4/
Nchi ambayo imegombana na hilo pengo kwa muda mrefu zaidi, na kuacha kumbukumbu kwenye vitabu vya sheria, ni Marekani. Siisifu, na mtaona kwa nini. Naileta kwa sababu ukifuata historia yao unaona ulinzi wa mfanyakazi wa kontrakta ulijengwa kipande kwa kipande, na mara nyingi kipande kilikuja baada ya hasara. Sisi tunaweza kusoma hasara zao bila kuzilipia tena.

5/
Anza 1863. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea. Jeshi la serikali linanunua kila kitu kwa wafanyabiashara: farasi, viatu, chakula, bunduki. Linauziwa farasi wagonjwa na chakula kilichooza, bili inaletwa kama ya mali safi.

Bunge likapitisha Sheria ya Madai ya Uongo. Wazo lake lilikuwa kali: raia yeyote anayejua kontrakta ameiibia serikali anaweza kumpeleka mahakamani kwa niaba ya serikali. Kontrakta akishindwa, analipa hasara mara mbili na faini ya dola 2,000. Na aliyeleta kesi anachukua nusu.

6/
Ona walichokifikiria na walichokisahau. Walijua anayeona wizi ni mtu wa ndani. Walijua hatasema bure, wakamwekea fungu. Lakini hakuna neno lolote kuhusu kazi yake. Kwamba kesi inaweza kuchukua miaka na yeye atafutwa wiki ya kwanza, hilo halikuandikwa. Na halikuandikwa kwa miaka 123.

7/
Mbele kidogo, 1943, Vita vya Pili vya Dunia. Pesa za jeshi zinamwagika tena. Watu wengine wakajifunza ujanja: serikali ikimshtaki kontrakta kwa jinai, mtu anachukua karatasi za mashtaka, ananakili, anafungua kesi yake na kudai nusu. Hakuona kitu, hakufichua kitu.

Bunge likakasirika na kukata sana. Mgao ukashuka hadi usiozidi asilimia 25, au 10 serikali ikiichukua kesi. Tena kesi ikakatazwa kabisa kama serikali tayari ina habari hiyo, hata kama aliyeipa serikali habari ni wewe mwenyewe! Sheria ikalala usingizi wa miaka 40.

Wale mnaosema zawadi kwa wafichuzi italeta matapeli, hamjakosea. Ilitokea. Lakini dawa waliyotumia iliwamaliza matapeli pamoja na wakweli.

8/
1968. Ernest Fitzgerald, mtaalamu wa gharama katika jeshi la anga, anaulizwa na kamati ya bunge kuhusu ndege za mizigo za C-5A. Anajibu ukweli: gharama huenda ikapita makadirio kwa karibu dola bilioni 2. Baadaye nafasi yake ya kazi inafutwa. Alipigana miaka mingi kurudi.

Kesi kama yake zilisaidia kuleta sheria ya 1978 inayomlinda mfichuzi aliyeajiriwa na serikali kuu. Soma tena: aliyeajiriwa na serikali. Waliokuwa wakiunda hizo ndege, ambao malipo yao yalitoka kwa kampuni, hawakuguswa.

9/
Sasa tufike kwenye usiku ambao kwangu unaeleza jambo hili lote. Tarehe 27 Januari 1986. Chombo cha anga cha Challenger kinatakiwa kuruka asubuhi. Roketi zake za pembeni hazikutengenezwa na serikali. Zilitengenezwa na kontrakta, kampuni ya Morton Thiokol, huko Utah.

Kwenye maungio ya roketi hizo kulikuwa na pete za mpira za kuzuia gesi ya moto isivuje. Mpira ukipigwa na baridi unakuwa mgumu. Na baridi ya usiku huo ilikuwa kali kuliko ya urukaji wowote uliotangulia.

10/
Mhandisi wa Thiokol, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika tangu Julai 1985 kwamba pete hizo zisiposhughulikiwa watu wanaweza kufa. Usiku ule, kwa simu ya pamoja na NASA, yeye na wenzake walisema: msiruke. NASA hawakufurahi. Mameneja wa Thiokol wakaomba muda wa kuzungumza peke yao. Mkuu wa uhandisi akaambiwa na bosi wake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Walivyorudi kwenye simu jibu lilikuwa: rukeni.

Mwenzao Allan McDonald, aliyesimamia mradi wa roketi hizo na alikuwa Florida usiku huo, alikataa kutia sahihi. Ilitiwa na mkubwa mwingine aliyekuwa Utah.

Asubuhi, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilisambaratika. Watu 7 wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule.

11/
Tume ilipoundwa, Boisjoly na McDonald walisema kila kitu. Wakarudi kazini wakakuta mambo yamebadilika. McDonald aliondolewa kwenye wadhifa wake. Boisjoly aliwekwa mbali na kazi ya kurekebisha roketi alizozijua kuliko karibu mtu yeyote.

Hawa walikuwa mashahidi wa vifo vilivyoonekana moja kwa moja kwenye televisheni, mbele ya tume ya taifa. Kama wao waliguswa, mtu wa stoo ni nani?

12/
Hapa ndipo naomba usome polepole.

Kilichomrudisha McDonald hakikuwa huruma, wala sheria ya kazi. Ni kwamba hoja ililetwa bungeni ya kuinyima kampuni mikataba ya NASA ikiwa itaendelea kuwaadhibu mashahidi. Ghafla wadhifa ukapatikana. Tena akapewa kuongoza usanifu mpya wa hizo roketi, na zikaruka salama 1988.

Kwa maneno mengine, kampuni haikuogopa kumpoteza mfanyakazi. Iliogopa kupoteza mkataba.

13/
Boisjoly hakupona hivyo. Wenzake kazini walimtenga, afya ikaharibika, akachukua likizo ndefu na hakurudi tena kwenye ile kazi. Akafungua kesi dhidi ya kampuni chini ya ile sheria ya 1863. Ikatupwa 1988. Mwaka huo huo chama kikubwa cha wanasayansi wa Marekani kikampa tuzo kwa uadilifu wake. Tuzo ni nzuri, lakini haikurudishi kazini.

Kwa hivyo tusidanganyane: hata ulinzi mzuri unaweza kukurudishia kiti, haukurudishii marafiki mliokuwa mkila nao chakula cha mchana.

14/
Mwaka huo huo wa 1986 Bunge la Marekani lilifanya mambo mawili. Si kwa sababu ya Challenger peke yake. Umma ulikuwa umechoshwa na habari za jeshi kuuziwa nyundo kwa dola 435 na kiti cha choo kwa dola 640.

Kwanza, ile sheria ya 1863 ikaamshwa. Anayeshindwa analipa hasara mara tatu. Mgao wa mfichuzi ni asilimia 15 hadi 30. Na hatimaye kazi yake ikakumbukwa: akifutwa anarudishwa, na mshahara aliokosa analipwa mara mbili, pamoja na riba. Tangu hapo serikali yao imerudisha zaidi ya dola bilioni 70.

Pili, ikaja sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa makontrakta wa jeshi hasa.

15/
Hiyo ya pili ilikuwa na matundu. Ilikulinda ukipeleka habari kwa mbunge au kwa afisa wa serikali anayehusika. Ukimwambia bosi wako kwanza, kama wafanyavyo watu wengi waaminifu, hukulindwa. Ilikuwa ya jeshi tu, kwa hivyo kontrakta wa shule au hospitali hakuwemo.

Matundu yakazibwa moja moja. 2008, wa jeshi wakapata haki ya kwenda mahakamani wenyewe. 2009, wakati serikali ilipotoa pesa nyingi za kufufua uchumi, kila aliyelipwa kutoka kwenye pesa hizo akalindwa. 2013 ikaja sheria inayowagusa wafanyakazi wa makontrakta wa serikali kuu karibu wote, pamoja na wa makontrakta wadogo wanaopewa kipande cha kazi. Ilianza kama majaribio ya miaka minne. Desemba 2016 ikafanywa ya kudumu.

16/
Nilivyosoma hiyo ya 2013, vitu vitano vilinifanya nisimame:

Kumwambia msimamizi wako wa ndani sasa ni ufichuzi unaolindwa.

Mfanyakazi akionyesha kuwa kusema kwake kulichangia kufutwa, mzigo unahamia kwa kampuni, ambayo lazima ithibitishe kwa ushahidi mzito kwamba ingemfuta hata angenyamaza.

Kuna saa inayohesabu: mkaguzi ana siku 180, mkuu wa idara ana siku 30. Muda ukiisha bila nafuu, mfanyakazi anaenda mahakamani.

Kampuni haiwezi kukutilisha sahihi karatasi ya kuacha haki hizo.

Na kampuni lazima iwajulishe wafanyakazi haki zao kwa maandishi, kwa lugha inayozungumzwa na wengi pale kazini. Fikiria karatasi hiyo imebandikwa kwa Kiswahili kwenye mlango wa stoo.

17/
Hata hapo waliacha tundu kubwa: makontrakta wa idara za ujasusi waliachwa nje. Juni mwaka huo huo Edward Snowden, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni iliyofanya kazi za shirika la ujasusi, akatoa siri kwa waandishi wa habari. Mjadala wa kama alikuwa shujaa au msaliti sitauingia, na hata sheria hiyo hailindi anayepeleka siri za taifa kwa magazeti. Lakini swali la "mbona hakutumia njia za ndani?" lilikuwa na jibu la aibu: kwa mtu wa kontrakta kama yeye, njia za ndani hazikuwa na ulinzi wa sheria. Uliongezwa Januari 2018.

18/
Haya, turudi nyumbani. Kenya hatuko uchi kabisa, na anayekuambia hakuna sheria hata moja hajasoma.

Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, sehemu ya 65, inamlinda anayetoa habari kwa tume ya kupambana na ufisadi, hata dhidi ya hatua za nidhamu. Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ipo tangu 2006. Sheria ya Hongo ya 2016, sehemu ya 21, inafanya kuwa kosa kumfuta, kumshusha cheo au kumhamishia mfichuzi mahali pabaya. Faini hadi shilingi milioni 1 au mwaka mmoja jela. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, sehemu ya 16, inasema mtu asiadhibiwe kazini kwa kutoa habari yenye maslahi ya umma.

19/
Sasa mpitishe mjomba kwenye mlango mmoja mmoja.

Sehemu ya 65? Inamtaka awe ameenda kwa tume. Yeye alimwambia afisa wa saiti. Ni kosa lile lile la sheria ya Marekani ya 1986.

Sheria ya Hongo? Mifuko 190 ambayo haikufika si lazima iwe hongo. Ni hesabu ya uongo.

Sehemu ya 16? Maneno yake ni mapana na mazuri. Lakini haisemi atarudishwa kazini ndani ya siku ngapi, wala haimwambii kontrakta kwamba kandarasi yake iko hatarini.

Sheria ya Ajira ya 2007? Inasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kukufuta. Sawa. Lakini fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Na mjomba alikuwa analipwa kwa siku. Kontrakta anaweza kupiga hesabu hiyo kwa kidole kimoja: fidia ya kibarua mmoja, au simiti ya mifuko 190 kila lori? Utachagua gani?

20/
Na msifikiri mtumishi wa umma ndiye aliyekaa raha. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu. Ni yeye aliyetoa karatasi zilizofichua Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 90. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, mashtaka yakaondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alitunukiwa tuzo ya uadilifu. Akafa 2006 akiwa na shida za pesa. Ukisoma habari zake baada ya zile za Boisjoly unaona tuzo ni ile ile na kiti ni kile kile kitupu.

21/
Mswada wa kuwalinda wafichuzi umeandikwa na kuandikwa upya hapa kwetu mara kadhaa. Utarudi kwenye mijadala, na kila upande utasema wake ndio bora. Usiangalie nani ameuleta. Uulize maswali haya:

Je, unamtaja mfanyakazi wa kontrakta na wa kontrakta mdogo, au ni "afisa wa umma" tu?

Nikimwambia msimamizi wangu, nimelindwa, au lazima nipande basi hadi ofisi ya Nairobi?

Nani anathibitisha, mimi au kampuni?

Siku ngapi mpaka nipate jibu? Mtu wa kibarua hawezi kungoja miaka mitatu.

Kontrakta akilipiza kisasi, anapoteza nini? Kama ni faini anayoweza kulipa kutoka kwenye faida ya lori moja, hicho ni kiingilio tu. Tayari tuna utaratibu wa kuwazuia makontrakta wabaya wasipewe tenda. Kwa nini kumfuta mfichuzi kusiandikwe wazi kuwa sababu mojawapo?

22/
Najua pingamizi: wafanyakazi wenye chuki watawachafua waajiri. Ni wasiwasi wa kweli. Wamarekani kesi za aina hii wanazifungua kwa siri kwanza, angalau siku 60, serikali ichunguze kabla jina la kampuni halijatangazwa. Hiyo inamlinda pia kontrakta mwaminifu. Na kontrakta mwaminifu ndiye anayeumia zaidi leo, kwa sababu anashindana kwenye zabuni na mtu anayenunua mifuko 410 na kulipisha 600.

23/
Kwa hivyo wakati mwingine ukitaka kuandika "mbona walinyamaza?", badilisha swali kidogo. Wengine hawakunyamaza. Walisema siku ya Jumanne na kufikia Ijumaa hawakuwa na kazi, na waliobaki saitini wakajifunza somo bila kufundishwa.

Nilimuuliza mjomba majuzi kama angerudia. Alifikiri kidogo, akasema kuhesabu angehesabu tena, kwa sababu hesabu haina njia mbili. Kuhusu kumwambia yule afisa, hakunijibu. Aliniuliza kama nimekula.

Zahanati ilimalizika. Mama zetu wanajifungulia mle ndani. Mimi kila nikipita huangalia kuta.